Mnaoanza benchi ya bakteria, ule weusi wa TSI msiusome haraka

Wadogo zangu mliokuja fildi, kila mwaka naona ripoti zinaandikwa hivi: mrija wa TSI (midia ya kuoteshea bakteria, inayogeuka nyeusi akitoa gesi ya haidrojeni salfaidi, yaani H2S) umekuwa mweusi, kwa hiyo bakteria amevunja sisteini, ile asidi amino yenye salfa. Hapana jamani.

Vimeng'enya vya kuvunja sisteini vipo kweli. Kile tunachokiita sisteini desalfuhaidrezi kinaichukua sisteini kinatoa haidrojeni salfaidi, amonia na piruveti, na hakifanyi kazi bila PLP, yaani vitamini B6 kwenye umbo lake linalotumika mwilini. Cha kuvunja methionini, asidi amino nyingine yenye salfa, nacho kinategemea PLP hiyohiyo ila gesi yake ni methanethioli, harufu ya kabichi iliyooza, na Porphyromonas gingivalis wa kwenye fizi anazitoa gesi zote mbili ndo maana mtu mwenye ugonjwa wa fizi mdomo unamnuka hata akipiga mswaki. (Na tafadhali msinuse kalcha, yaani bakteria waliooteshwa, ili kuhakikisha, kwenye kalcha ya damu anaweza kuwemo Typhi, Salmonella wa homa ya matumbo.)

Sasa TSI imewekewa thiosalfeti, chumvi yenye salfa, makusudi, na weusi wa Salmonella pale unatoka hasa kwenye thiosalfeti, kwa kimeng'enya kingine kabisa. Mwangalie E. coli, ana vimeng'enya kadhaa vinavyoweza kuvunja sisteini, hata ile triptofanezi (kimeng'enya cha kuvunja triptofani) inayotupa indoli inaiweza hiyo kazi, lakini TSI yake haina weusi hata chembe. Mpe midia ya maji yenye sisteini ya kutosha, ning'iniza karatasi ya ledi aseteti, inayobadilika rangi ikikutana na H2S, mdomoni mwa mrija, kesho unaikuta imeanza kuwa kahawia. Bakteria ni yuleyule, kilichobadilika ni chakula ulichompa na kipimo chako.

Kwenye kudunga bakteria ndani ya midia ya mrija tumia nidle iliyonyooka sio lupu, ingia katikati mara moja mpaka karibu na mwisho wa kitako (sehemu ya chini ya midia) halafu toka kwa njia ileile, kifuniko kiache kimelegea, soma kati ya saa 18 na 24. Weusi ukifunika kitako chote usihangaike kutafuta njano, ambayo ndiyo rangi ya asidi, kihesabu ni asidi.

Kilichonifundisha mimi ni kalcha ya damu ya mtoto aliyekuwa na homa ya siku nyingi. Mgongo (sehemu ya juu ya midia iliyolala mshazari) mwekundu, kitako njano, gesi hamna, nikaandika H2S hasi nikaweka mrija kwenye raki nikaendelea na mingine. Mama aliyekuwa anatusimamia akauchukua akaupeleka dirishani akauzungusha taratibu, na pale mgongo unapokutana na kitako, kwenye njia ya nidle, kulikuwa na kapete keusi kembamba kama nyusi. Ndo Typhi huyo, anatoa kidogo sana, na antisera (kingamwili za kumtambua bakteria) zikathibitisha siku hiyohiyo. Nilikuwa nimeuangalia kwa upande mmoja tu, na yule mtoto alikuwa anasubiri dawa.

Nawasisitiza hivi kwa sababu hii gesi sio ya kutambulishana majina tu. Utafiti uliotoka 2011 kwenye jarida la Science ulionyesha kuwa bakteria wakizimiwa vimeng'enya vyao vya kutengeneza haidrojeni salfaidi wanakufa kirahisi zaidi na antibayotiki.

Kwa hiyo kwenye daftari msiandike "H2S chanya" peke yake, andikeni na midia, saa mliyosoma, na weusi ulikaa wapi.