Kukaa au kuinuka kwenye troti: soma nyayo mchangani

Mwanafunzi akishaweza kutulia kwenye tandiko bila kushika manyoya ya shingoni, swali linalofuata huwa hili: kwenye jaribio la dresaji, yaani mashindano ambapo farasi na mpandaji hufanya miendo iliyopangwa mbele ya jaji, troti niikalie au niwe nainuka na kukaa kwa kufuata mapigo? Troti ni ule mwendo wa mapigo mawili, mguu wa mbele wa upande mmoja ukitua pamoja na wa nyuma wa upande wa pili. Wewe unayeanza, nakushauri uinuke.

Isome kwanza karatasi ya jaribio. Marekani, ngazi ya kuanzia, Introductory, hutaka troti ya kuinuka. Ukifika ngazi inayofuata, Training, unachagua mwenyewe. Uingereza wanakuachia uchague tangu ngazi ya chini kabisa. Na ukiachiwa, aliyekaa hapewi alama ya ziada.

Mimi sikulijua hilo. Jaribio langu la kwanza nilikaa mwanzo hadi mwisho, nikidhani ndivyo afanyavyo mpanda farasi aliyekomaa. Kiuno kilikaza kama ubao. Farasi akainua kichwa, mgongo ukabonyea, hatua zikawa fupi, na alama zikashuka mstari baada ya mstari. Iliniuma sana, maana kosa lilikuwa langu na mgongo ulioumia ni wake.

Sisi wa Bagamoyo tuna msaada wa bure. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, bahari huacha mchanga uliolowa na kushikana vizuri. Pima uwanja wa mita 20 kwa 40, chora mistari kwa fimbo, weka vifuu vya nazi penye herufi zinazoonyesha sehemu za uwanja wa dresaji. Piga duara la mita 20 ukiinuka, kisha shuka uangalie nyayo. Farasi aliyelegea, kwato ya nyuma hukanyaga alama ya kwato ya mbele, au huipita. Sasa piga duara jingine kando yake, umekaa. Kama kwato ya nyuma inatua nyuma ya ile ya mbele, mgongo umekaza, na jaji ataona hilo hilo. Hata duara lenye umbo la yai utaliona hapo. Usifanye zoezi hili kwenye mchanga mkavu wa juu; farasi huzama, na kano za miguu yake huumia.

Kuinuka nako kuna ufundi wake. Tazama bega la farasi la upande wa nje, kwa jicho tu, bila kuinamisha kichwa. Ukizunguka kushoto, bega la kulia likienda mbele, wewe inuka, likirudi, kaa. Ukikata uwanja kwa mshazari kubadili upande, kaa mapigo mawili mfululizo, kisha inuka tena. Wengi hulisahau hili wakifika katikati.

Kukaa kujifunze kidogo kidogo. Kaa hatua mbili tatu kabla ya kuingia kanta, ule mwendo wa mapigo matatu, au kabla ya kushuka kwenye mwendo wa kutembea, ili farasi asikie unachomwomba. Mazoezini, kalia upande mfupi tu, zile mita 20, halafu inuka kabla kiuno hakijakaza. Baada ya wiki kadhaa rudi pwani, upige tena maduara mawili. Nyayo za kukaa zikilingana na za kuinuka, kushoto na kulia, hapo kaa hata mbele ya jaji.