Gambuti au buti la ngozi kwenye pikipiki?

Kaka, umeuliza kama gambuti zinatosha kwa kazi ya bodaboda au ununue mabuti ya ngozi. Nunua ya ngozi. Gambuti ni za mvua tu: ukianguka huchomoka mguuni, hazishiki kifundo, na zikigusa ekzosi ya moto zinaungua.

Tafuta buti la ngozi nene linalopanda juu ya kifundo. Kabla hujalipa, shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, ulisokote kama unakamua nguo. Likijikunja kirahisi, liache. Pikipiki ikikulalia, mguu wako nao utajikunja hivyohivyo. Kisha bonyeza pande zote mbili penye kifundo, usikie kama kuna kitu kigumu ndani. Soli isiteleze, maana kwenye foleni unashusha mguu kila mara, huku oili, huku matope.

Kamba zichomeke ndani kabisa. Kamba inayoning'inia ikinasa kwenye gea, ukisimama hutaweza kushusha mguu, na hapo unaanguka na abiria wako. Zipu au velkro ni salama zaidi.

Mitumba mizuri ipo. Angalia ndani ya ulimi kama kuna alama ya mwendesha pikipiki na EN 13634, kiwango cha Ulaya. Tarakimu zilizo chini yake ni 1 au 2, na 2 ndiyo kinga kubwa.

Mabuti ya ujenzi yenye chuma mbele yanasaidia, ila jaribu kwanza kama ncha inaingia chini ya gea.