Saa 250 na ukapteni

Mdogo wangu, umeuliza kama saa 250 za kuruka zinatosha kupata kazi ya urubani kampuni ndogo ya ndege, na ukapteni unakuja lini. Kwa leseni ya urubani wa biashara, yaani ya kuruka kwa malipo, zinatosha: kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni saa 200, au 150 ukisomea chuo kilichoidhinishwa. Kinachobana mara nyingi si sheria, ni bima. Kampuni ya bima ndiyo inayosema rubani wa ndege ile awe na saa ngapi, kwa hiyo kabla ya kutuma barua uliza hilo kwanza. Cheti cha afya cha daraja la kwanza na Kiingereza kiwango cha 4 kwenye kipimo cha ICAO ni lazima, hapo hakuna mjadala.

Ukapteni ndiyo safari yenyewe. Ndege inayohitaji marubani wawili, kapteni wake anatakiwa awe na leseni ya juu ya urubani, inayodai saa 1,500. Ndogo ya rubani mmoja unaweza kuiongoza na leseni yako ya urubani wa biashara. Mafunzo ya ukapteni yenyewe ni kuruka ukiwa kiti cha kushoto, mkufunzi kulia amenyamaza, wewe ndiye unayeamua kama mnageuza kwa sababu ya hali ya hewa. Wengi hukwama hapo, kwenye uamuzi. Mikono wanayo.