Mtoto anaongea vizuri ila insha hawezi: jibu kwa mzazi wa Mtwara

Mkuu uliyeuliza kuhusu kijana wako wa form three, anayepata D ya Kiswahili wakati kijiweni anaongea kuliko MC, kwamba umpeleke tuition ya watu wengi au umtafutie mwalimu wa peke yake. Mi nafundisha tuition hapa Mtwara mwaka wa sita sasa, nilianzia Chikongola, na nilianza vibaya.

Nilikuwa na watoto 30 kwenye banda moja, wote noti zile zile, dhamira, wahusika, ujumbe, wanakariri. Mtihani wa majaribio dogo mmoja kaulizwa riwaya kamwaga dhamira za tamthiliya, mwandiko msafi kabisa, sifuri. Nikacheka, halafu aibu ikanishika maana zile sentensi zilikuwa za kwangu.

Siku hizi nachukua wachache. Kuna kijana wa Msanga Mkuu, anavuka na kivuko, kila insha yake ilikuwa "Korosho ni zao la biashara. Korosho ina faida nyingi." Sikumsahihisha, nikamuuliza tu kwani nyie salfa ya mikorosho mnapuliza saa ngapi? Akafunguka aisee: alfajiri, majani yakiwa bado na umande ili vumbi ligande, upepo ukianza mnaacha, mkichelewa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, unakula maua yote na msimu ndo umeenda. Kumbe namrekodi kwenye simu. Nikamuwekea nikamwambia haya andika ulichosema, ikatoka ukurasa mmoja na nusu, imeanza hivi: "Bibi akishafunga kanga puani hatuongei tena." Makosa kibao, "analudi", "mkolosho", lakini wiki hiyo nilishika l na r tu, alama za vituo zikasubiri, maana ukimjazia daftari wino mwekundu hataki tena hata kukuona.

Utasema mtihani hautaki stori za shamba. Kweli, unataka utangulizi, kiini na hitimisho, ila hayo nimemfundisha vipindi viwili tu, kwa sababu tayari alikuwa na kitu cha kupanga.

Binti wa form four yeye anaandika safi, shida yake akiona neno "jadili" anaganda. Tulikuwa tunasoma Ngoswe, tamthiliya ya Edwin Semzaba, yule karani wa kuhesabu watu anaendekeza pombe na mapenzi mpaka makaratasi yanachomwa. Kaka yake huyo binti alikuwa karani wa sensa 2022, nikamtuma akamhoji. Karudi anacheka, mwalimu, wao walitumia vishikwambi, sasa kitachomwa nini? Nikambana: kwa hiyo tamthiliya imepitwa? Akanyamaza weee, halafu akasema hapana, kishikwambi hakiungui ila karani mlevi atajaza uongo humo humo. Nikamwambia hiyo ndo hoja yako, andika sasa hivi kabla haijapoa.

Kwa hiyo usikimbilie kulipa. Pekua daftari zake kwanza. Kama tatizo ni noti hana, tuition ya wengi inamtosha na ni nafuu. Kama noti anazo na bado anaandika sentensi za kuazima, tafuta mtu wa peke yake, na siku ya kwanza kaa pembeni usikilize, akifungua noti kabla hajamuuliza mtoto chochote mlipe nauli yake ya bajaji aende. Ukiweza niwekee hapa picha ya insha yake moja, jina ufiche, nitaipitia usiku.