Kuandika hadithi huku muziki unapiga: msomaji hausikii wimbo wako

Mkuu, umeuliza kama ni sawa kuandika hadithi huku muziki unapiga, ukasema ukiweka ngoma unaandika kurasa nyingi kwa raha zako, ila ukizisoma kesho yake unazikuta zimepoa. Naona waliotangulia wamegawanyika, wa "weka" na wa "zima". Mimi naandika hadithi za mfululizo na kuziuza kwenye magrupu ya WhatsApp, sehemu moja kila jioni, kwa hiyo hili jambo naishi nalo.

Niseme kwanza kuhusu hizo kurasa zilizopoa. Muziki unakupa hisia za bure. Unaandika msiba, sikioni fidla inalia, koo limekukaba. Unaandika "Alilia sana" na unaridhika kabisa, maana kilio chenyewe unakisikia. Asubuhi fidla haipo, limebaki "Alilia sana". Msomaji wako amesimama kwenye daladala la Mbagala, mkono mmoja bombani, mwingine umeshika simu, na konda anagombana na abiria kwa ajili ya chenji. Fidla yako ataitoa wapi? Ana maneno yako tu. Zile kurasa hazikupoa usiku, mkuu. Zilikuwa baridi tangu unaziandika, joto lilikuwa la spika.

Ndiyo maana rasimu ya kwanza sina ugomvi nayo. Pale kazi ni kukaa kitini na kusukuma, na kama ngoma inakukalisha, weka. Kuhariri ni habari nyingine. Mimi nikihariri nazima kila kitu, hata feni, nasoma kwa sauti. Dar ya Februari bila feni ni adhabu, lakini sentensi mbovu inajitangaza yenyewe ulimi unapoifikia. Ukihariri na muziki unapiga, sentensi inaazima mdundo wa wimbo na inakupita.

Sasa muziki gani. Kwangu shida kubwa ni maneno. Wimbo wa Kiswahili unagombania mlango mmoja na sentensi zangu. Bongo Fleva, gospo, dansi, vyote sawa tu: nikisikia mtu anaimba kwa lugha ninayoiandikia, nusu ya kichwa inamfuata yeye.

Na taarab ndiyo hatari kuliko zote, maana mafumbo yake ni matamu. Nilikuwa na mhusika, mke mkubwa, mama mkimya asiyejua kujibizana. Siku anagundua mumewe amehamishia magunia ya mchele kwa mke mdogo, mimi nilikuwa na mipasho sikioni, na bibi huyu akafungua mdomo: "Usinipandie juu kwa ngazi ya kukodi, mwenyewe akija kuidai utashuka kwa miguu ipi?" Sentensi tamu, wala sikatai. Ila haikuwa yake, ilikuwa ya jukwaa la taarab, ya mwanamke aliyeshika maiki na noti za kutuzwa zimejaa mkononi. Nilipoirudia kimya, yule mama akauliza tu: "Ufunguo wa stoo uko wapi?" Mume akajua yameshafika. Wasomaji walinijaa inbox usiku ule kwa ajili ya huo ufunguo.

Taarab isiyoimbwa ni jambo jingine. Tafuta bashraf za Zanzibar, zile zinazopigwa kabla waimbaji hawajapanda. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha huko huko, wapo tangu 1905 na utamaduni huo wanao. Udi, ganuni, nai na fidla vinasemezana, hakuna anayekuhadithia kisa. Kwa matukio ya ndani ya nyumba, watu wanaoficha jambo mezani, sijapata kitu kinachonifaa zaidi.

Halafu kuna rumba ya Kongo. Sisi wa Dar tumekua tunacheza nyimbo za Kilingala bila kujua zinasema nini, na kwa mwandishi huko kutojua ni mtaji: sauti ya mtu ipo, upweke wa usiku unapungua, maneno hayakuingilii. (Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wanaokisikia Kilingala hapa hawanufaiki, poleni.) Nyimbo za Franco na TPOK Jazz zina faida nyingine, nyingi ni ndefu na zimejengwa kwa hatua. Mwanzo polepole, mwimbaji analalamika taratibu, halafu sebene inaingia, magitaa yanachukua uwanja na kila kitu kinachemka. Nimejifunza kitu pale kuhusu kuchelewesha. Sebene inapendeza kwa sababu umesubirishwa. Siku hizi tukio la fumanizi silianzi na mlango kupigwa teke. Naanza na mtu anayetafuta viatu vyake gizani.

Ila chunga: sebene ikiingia, vidole vinakimbia, unadhani tukio lako lina kasi. Kagua sentensi. Kama bado ni ndefu zenye "ambaye" tatu tatu, kasi ilikuwa ya gitaa.

Kuna matumizi mengine ya muziki ambayo sijaona mtu akiyataja hapa, nayo ndiyo nayathamini zaidi: kuusikiliza kabla ya kuandika, kama utafiti. Chukua hadithi ya Dar ya 1977, kijana anampeleka mchumba dansini. Mkono unakimbilia kuandika Sikinde, kwa sababu wazee wote wanaisifia. Mlimani Park, bendi yenyewe inayoitwa Sikinde, ilianzishwa 1978, kwa hiyo haipo jukwaani usiku huo. Bendi ya NUTA Jazz ilikuwepo tangu 1964, hiyo unaweza kusimulia jinsi baba zake kijana walivyoicheza. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alikuwa hai bado. Ajali iliyomuua huko Kenya ilitokea Januari 1979. Ukiyajua haya unaweza hata kuisogeza hadithi mwaka mmoja mbele au nyuma ili ipate bendi unayoitaka.

Na redio. Bara enzi hizo kituo cha nchi kilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam basi. Mwanamke anapika Ilala, mumewe yuko chini ya gari gereji ya Keko, na wimbo uleule unawafikia wote dakika ileile. Hebu fikiria mwandishi anaweza kufanya nini na hilo. Leo kila mtu ana earphone zake, ujanja huo umekufa. Haya yote nayasikiliza mchana, nikiosha vyombo au nikipiga pasi, daftari liko karibu. Usiku nikikaa kuandika, nyimbo zile sizihitaji tena.

Mambo madogo madogo. Pakua unachotaka kusikiliza, usisikilize moja kwa moja mtandaoni: utakuwa katikati ya mazishi, jeneza linashushwa, tangazo la kubeti linakulipukia sikioni. Redio ndiyo usiiguse kabisa, mtangazaji anaongea kuliko muziki. Wimbo mmoja ukiurudisha tena na tena unafaa kuliko orodha ndefu, maana sikio linauzoea hadi linaacha kuusikiliza. Kama una mtoto mchanga ndani, vaa earphone ya sikio moja. Jirani akiweka kigodoro na singeli mpaka alfajiri, usishindane naye kwa sauti, lala uandike asubuhi. Kisomo cha Kurani mimi siweki nyuma ya hadithi, kile ni cha kusikilizwa.

Kuhusu zile kurasa zako, usizifute. Chukua moja, zima kila kitu, uisome kwa sauti mbele ya mtu ambaye hujamweleza chochote, halafu muulize mhusika anajisikiaje na ni neno gani limemwambia hivyo. Akikuonyesha neno, acha. Akisema "nimehisi tu kwa jinsi ulivyosoma", hapo pana kazi. Au bandika aya moja hapahapa kama ilivyo tuitazame, ila usitutajie ulikuwa unasikiliza nini.