Kwa madogo mnaoanza kuediti: tulieni kwanza

Wiki hii tena dogo kapewa rashi (picha zote zilizoshutiwa, kabla hazijakatwa) asubuhi, saa nne kashaanza kukata, hata nusu hajaangalia. Nawapenda sana ila hili linachosha jamani. Leo nawapeleka Kolkata, India, kwa mzee Dulal Dutta, edita aliyefanya filamu ndefu za dairekta Satyajit Ray kuanzia Pather Panchali ya 1955 mpaka Agantuk ya 1991. Dairekta mmoja, zaidi ya miaka 35.

1. Angalia rashi ZOTE. Ray alikuwa anachora shoti zake kwenye madaftari kabla hajashuti na teki (kurudia shoti ileile) zilikuwa chache maana filamu mbichi, ile mikanda ya kushutia, ilikuwa ghali, sasa mtu anadhani edita hapo anaunganisha tu. Thubutu! Pather Panchali walianza kushuti 1952, hela zikiisha wanasimama, mpaka serikali ya jimbo la West Bengal ikaingia kati na hela, halafu editi ikamaliziwa usiku na mchana ili iwahi kuonyeshwa Museum of Modern Art, New York, Mei 1955. Vipande vya miaka tofauti vikae kama kijiji kilekile na watoto walewale, utawezaje kama huzijui shoti zako?

2. Usijaze kimya. Kwenye Pather Panchali kuna ile sehemu baba anarudi nyumbani na sari ya binti yake, hajui kama binti keshafariki, mama anapasuka kulia na sauti yake hatuisikii, inalia tarshehnai, ala ya nyuzi ya Kihindi, peke yake. Mziki pale umechukua nafasi ya kilio, haujaja kupamba. Mimi hilo nililielewa nikiwa nimeshaharibu. Nilikuwa naediti dokumentari ya mjane mmoja, kila akiulizwa habari za mumewe anakaa kimya, anaangalia mikono yake, ndo anajibu. Nikaona panapooza, nikakata vile vimya vyote nikamwaga piano juu, taimulaini ikapendeza kweli. Siku ya kuonyesha mwanawe akaniuliza kwa upole, "Mbona mama anaongea haraka hivi, kama hajaumia?" Nikatamani nirudishe, na hadi diski ilishafutwa ikashutiwa kazi nyingine. Yule mama keshafariki, na kumbukumbu waliyobaki nayo ni ile niliyoikata mimi. Inaniuma mpaka leo.

3. Bakapu sehemu mbili, na hufuti kitu kabla kazi haijakabidhiwa.

4. Tafuta dairekta wa kukua naye. Dairekta Ritwik Ghatak alikuwa na edita Ramesh Joshi, dairekta Rituparno Ghosh filamu zake nyingi zimepita kwa edita Arghyakamal Mitra, na mojawapo, Abohoman, ikampa Mitra tuzo ya taifa ya uediti India. Nyie mnakimbilia kila tangazo la kazi, mnabadilisha watu kila mwezi. Mkishazoeana ndo unaweza kumwambia toa hiyo shoti, ile aliyoipigania kutwa nzima juani, akanuna, akatoka kuvuta hewa, akarudi akasema haya itoe.