Epidemiolojia si kipindupindu peke yake

Mkuu, umeuliza mtu wa epidemiolojia anafanya nini hasa kama hatibu mgonjwa, na kama kazi yake huanza pale tu kipindupindu kinapobisha hodi. Daktari anashughulika na mgonjwa aliye mbele yake. Mtu wa epidemiolojia anaangalia kijiji kizima: wanaougua ni akina nani, wako wapi, walianza lini, na wana kipi ambacho jirani yao mzima hana?

Huyo jirani mzima ndiye ufunguo. Mwaka 2016, hapa kwetu Dodoma na kule Manyara, watu walianza kuvimba tumbo, kutapika, macho yakawa ya njano. Wagonjwa 68, wakafariki 20. Wachunguzi hawakuishia wodini. Waliingia majumbani, kwa walioumwa na kwa wasioumwa, wakachota mahindi ya akiba wakapima na kulinganisha. Jibu: sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Na usidhani kusonga ugali kwa moto mkali kunaiondoa. Inabaki humo humo.

Bila hesabu hiyo tungebaki kunyoosheana vidole vya uchawi.

Trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, nayo imefuatiliwa wilayani Kongwa miaka mingi kwa njia hizi hizi, kuanzia inzi hadi nyuso za watoto zisizonawishwa. Presha na ajali za bodaboda zimo pia katika kazi hii.

Ukitaka kuisomea epidemiolojia, jinoe kwenye takwimu kwanza. Mimi nilizikimbia sekondari, zikanisubiri chuoni.